WALIORITHIWA HAWAKUPATA URITHI



Kila mara wakaaji wa shamba fulani hapa Pwani wanapotaka kufukuzwa, liko neno moja linalolitangulia tingatinga. Neno hilo ni "wavamizi". Laandikwa katika barua ya wakili, lasomwa mahakamani, na jioni lasikika katika habari, mpaka sisi wenyewe tunaokaa katika mashamba hayo twalitamka bila kufikiri. Mvamizi ni mtu aliyetoka kwingine akaingia penye haki ya mwenziwe. Basi twauliza: bibi aliyezikwa chini ya mwembe ule, na mama yake aliyezikwa kando yake, walivamia lini? Walitoka wapi, na ni nani aliyewaleta?

Jawabu lipo, wala si la kubahatisha. Wengi waliletwa kwa majahazi na kwa misafara, wakanunuliwa, wakapewa majembe. Baada ya hapo wao na wana wao hawakuhitaji kununuliwa tena, maana walirithiwa. Hilo la kurithiwa ndilo tutakalo kulisema leo. Watu wengi wakisikia utumwa hukumbuka mnyororo na soko la Unguja, na soko lile lilifungwa mwaka 1873. Mirathi haikufungwa. Mirathi ilifanya kazi kimya kimya majumbani mwa watu wenye heshima zao, mbele ya kadhi na mashahidi, na matunda yake yanaliwa hata leo.

Tuanze na mali yenyewe. Malindi ya mwanzo wa karne ya 19 ilikuwa magofu na pori. Ilipofufuliwa chini ya masultani wa Unguja, mtama na ufuta wake, hasa tangu miaka ya 1860, ukawa wajaza majahazi ya kwenda Unguja na Arabuni. Nguvu iliyofyeka pori lile ilikuwa ya Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengineo waliotekwa mbali kusini, pamoja na watoto wa Kimijikenda waliowekwa rehani wazazi wao walipobanwa na njaa, kisha wasikombolewe. Ardhi ilikuwa tele. Mikono ndiyo iliyokuwa haba. Shamba bila watu hao lilikuwa kichaka. Ndiyo maana utajiri wa bwana ulipimwa kwa wingi wa watu wake kabla ya wingi wa ardhi yake.

Akifa bwana, hesabu ilifuata utaratibu ambao kila msomaji wetu Mwislamu anaujua. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiopita theluthi moja, na kilichobaki warithi wagawane: mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, na mjane thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Ilimpa mwanamke fungu lake la halali zama ambazo mke wa Kiingereza, akiolewa, mali yake ilikuwa ya mumewe. Ugomvi wetu ni juu ya kile kilichowekwa jamvini kigawanywe.

Tuseme marehemu ameacha mjane mmoja, wana wawili, binti mmoja na watumwa 40. Mjane atapata 5, kila mwana 14, binti 7. Hesabu imetimia, wala hakuna aliyedhulumiwa katika walioketi jamvini. Lakini katika wale 40 yumo mama aliyeangukia fungu la mjane, na mwanawe mkubwa kaangukia fungu la mwana wa pili, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto Sabaki. Na idadi isipogawanyika sawasawa? Basi mtu mmoja huwa wa warithi wawili au watatu kwa shirika, akimtumikia huyu siku hizi na yule siku zile. Kazi ya zamu, ndugu zetu wa bandarini, haikuanza na makampuni ya meli!

Na deni? Deni hutangulia warithi. Kwa hiyo watu waliweza kuuzwa kulipa deni la bwana wao aliyekufa. Wakalipa kwa miili yao fedha ambazo hawakuzikopa wala hawakuzila.

Je, mtumwa alipokufa yeye? Kwa sheria hakurithi wala hakurithiwa na wanawe. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa cha bwana wake. Hata aliyeachwa huru hakuwa ametoka kabisa, kwa kuwa palibaki kamba iitwayo walaa: akifa bila ya warithi wa ukoo wake, mali yake humrudia aliyemwacha huru, au wana wa kiume wa huyo. Mlango ule ulifunguka upande mmoja tu.

Wako watetezi wasemao kwamba utumwa wetu wa Pwani ulikuwa wa upole, nao hutaja habari za suria. Waliyosema ni kweli. Kwa sheria ya Kishafii mjakazi aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Mwanawe alizaliwa huru akarithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Masultani Majid na Barghash wenyewe walikuwa wana wa masuria. Huko Virginia, Marekani, sheria ya mwaka 1662 ilisema mtoto afuate hali ya mama yake, kwa hiyo mwana wa bwana aliandikwa katika mali, na ndugu zake kwa baba wakaweza kumrithi kama ng'ombe. Tofauti hiyo ni kubwa nasi hatuifichi. Lakini tuulize: mwana wa suria alirithi nini? Alirithi shamba na watu wa shamba. Katika fungu lake waliweza kuwamo watu waliokuja katika jahazi moja na mama yake, huenda hata mjomba wake. Ni upole gani huo umfanyao mjomba wa mtu kuwa mali yake?

Husemwa pia kwamba mabwana wengi waliwaacha watumwa huru wakati wa kufa, kwa kutaka thawabu. Hilo nalo ni kweli, na waliofanya hivyo kwa moyo safi malipo yao yako kwa Mungu. Lakini tazameni wasia wa Seyyid Said bin Sultan, mkubwa wao wote, aliyefariki baharini mwaka 1856. Aliusia watumwa wake wawe huru, isipokuwa wale walio mashambani. Wa nyumbani, aliowaona kila siku, huru. Wa mashamba ya karafuu, waliomletea utajiri, wafuate mashamba. Neno moja "isipokuwa" lilibeba watu wengi kuliko jahazi lolote.

Wakaja Waingereza na bendera ya ukombozi. Tarehe 1 Agosti 1890, kwa shauri lao, Sultani Ali bin Said alitoa amri Unguja kwamba kuuza na kununua watumwa ni marufuku. Amri hiyo husifiwa. Wanaoisifu hawasomi mpaka mwisho, maana iliendelea kusema kuwa watumwa wa halali wabaki kwa mabwana wao, na bwana akifa warithiwe na watoto wake wa halali tu. Asiyeacha watoto, watumwa wake wawe huru. Yaani soko limefungwa, na mirathi imeachwa wazi tena kwa muhuri wa Serikali. Uhuru wa mtu ukategemea kama bwana wake amejaliwa mtoto au hakujaliwa. Mfikirieni mkulima katika konde lake, asikia kilio cha mtoto mchanga kutoka nyumba kubwa, naye ajua kuwa kilio kile ni kifungo chake.

Sheria ya 1897 kwa Unguja na Pemba, na ile ya 1907 kwa Pwani yetu ya Kenya, zilikomesha hali ya utumwa mbele ya mahakama. Zote mbili ziliweka fidia. Fidia ya nani? Ya bwana! Mtu aliyelima miaka 30 bila mshahara hakudai kitu. Aliyelimiwa miaka 30 bila kulipa alihesabiwa kuwa amepata hasara. Tena kule Unguja aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe makao na njia ya kuishi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na makao atayapata wapi, ikiwa si katika shamba lile lile, kwa kumfanyia mwenyewe siku kadhaa za kazi kila juma?

Haya hayakuwa makosa ya bahati mbaya. Rabai, mwezi wa Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa karatasi za uhuru, na waliolipwa fedha siku zile walikuwa mabwana zao. Na zamani kabla ya hapo, mwaka 1833, Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa wa makoloni yake, na deni lililotokana na fedha hizo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Waliongezewa miaka ya kutumika kwa mabwana wale wale, wakaambiwa kuwa wanajifunza kazi. Wamelima miwa maisha yao yote, kisha wanajifunza kazi!

Hapa twataka msomaji atulie kidogo. Mali ya bwana ilikuwa vitu viwili, watu na ardhi. Kitu cha kwanza kilipoondolewa, alilipwa. Kitu cha pili hakikuguswa, ingawa thamani yake yote ilitoka katika kile cha kwanza. Na mwaka uliofuata, 1908, ikatoka Sheria ya Hati za Ardhi. Kila adaiye ardhi Pwani apeleke madai na ushahidi wake kwa msajili. Ardhi isiyo na mwenye kuthibitisha iwe ya Mfalme wa Uingereza.

Tazameni jinsi miaka ilivyofuatana. Mwaka 1907 mtu yuko huru. Mwaka 1908 aulizwa karatasi ya baba yake. Mwana wa bwana alikuwa nayo: hati ya kadhi, mashahidi wanaosadikiwa, majirani wa kusema mpaka uko wapi. Huyu aliyepata uhuru jana alikuwa na nini? Kama jina la baba yake liliandikwa popote, liliandikwa katika orodha ya mali. Mirathi iliyomfanya baba yake kuwa kitu ndiyo iliyokuwa shahidi wa kumpa shamba mwana wa mwingine. Nao Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya mbari wala haikuandikwa, wengi wao wakajikuta wanakaa juu ya ardhi ya Mfalme.

Toka hapo likazaliwa jina jingine, maskwota. Mtu yule yule, konde lile lile, jina jipya. Akaruhusiwa kupanda mihogo na mahindi, akakatazwa minazi na mikorosho, kwa kuwa mti wa kudumu ni shahidi asiyehongeka. Mjini Mombasa ikawa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, udongo ni wa mtu, na kila mwezi ulipe kodi ya kiwanja, na siku mwenyewe akitaka kuuza, bebe makuti yako uondoke. Wanachama wetu wangapi wako katika hali hiyo, wajihesabu wenyewe.

Jambo moja zaidi katika mirathi hii halitajwi sana. Mwenye mali huhifadhi nasaba yake. Atakutajia baba, babu, babu wa babu, mpaka mji waliotoka Arabuni, kwa sababu nasaba ile ina shamba ndani yake. Mjukuu wa mtumwa amefundishwa kuificha yake. Alijitia katika kabila la watu aliokaa nao, akachukua jina la ukoo wao, akawaambia wanawe wasiulize, kwa kuwa nasaba yake haikuwa na shamba. Ilikuwa na aibu tu. Hata siku ya kudai haki yake ilipofika, hakuweza kusimama na kusema "mimi ni mwana wa fulani aliyefyeka hapa" bila ya kujifunua mbele ya majirani. Mwenye hati aijua sana aibu hiyo, na kimya chetu kimemlindia mpaka wake vizuri kuliko ua wa seng'enge. Sisi twasema aibu hiyo si yetu. Aliyelima hana haja ya kuinama.

Na chama cha wafanya kazi chaingiaje katika mambo ya mirathi? Chaingia kwa mlango wa kazi. Neno letu kibarua ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku. Katika miji yetu karne ile, wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Bwana akifa, mrithi alirithi na ujira huo. Baadaye wakati wa ukoloni, matajiri walipoulizwa kwa nini mishahara ni midogo hivi, walisema Mwafrika ana shamba kwao, mkewe analima, mshahara ni nyongeza tu. Hilo lilikuwa uwongo kwa wengi, lakini kwa mjukuu wa mtumwa lilikuwa dhihaka. Yeye "kwao" hana. Shamba la mababu zake liko pale pale analiona, na lina jina la mtu mwingine. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulikuwa wa watu walioujua uwongo huo kwa matumbo yao. Na leo mwenzetu anapostaafu baada ya kupakua meli miaka 35, akarudi nyumbani akakuta alama nyekundu ukutani, hiyo ni shauri ya kazi au si shauri ya kazi?

Twajua tutakaloambiwa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali nzuri. Lakini mirathi ndiyo kitu kimoja duniani ambacho kazi yake ni kuyafanya yaliyopita yasipite. Mtu hawezi kuonyesha mahakamani karatasi ya babu yake, kisha akamwambia mwenziwe asimtaje babu yake. Ama tuwasahau wafu wote, ama tuwakumbuke wote.

Wala mtu asije akayageuza maneno yetu kuwa chuki ya Mwarabu au ya Mswahili. Wenye watumwa walikuwa watu wa namna nyingi. Tena mirathi hiyo hiyo imewala warithi wenyewe: shamba likigawanywa mara tatu hubaki vipande, wengi waliweka rehani wakashindwa kukomboa, wengine wakawauzia wafanya biashara na wazungu waliotaka kupanda mpira na mkonge. Leo wajukuu wa mabwana wamo katika chama hiki, wanabeba magunia pamoja nasi, wala hawana ardhi kama sisi tusivyo nayo. Ugomvi wetu ni na hati, na ulinzi iliyopewa.

Ulinzi huo ulitiwa sahihi. Tarehe 8 Oktoba 1963, London, ilipokubaliwa ukanda wa Pwani uwe sehemu ya Kenya, Sultani alipewa ahadi kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha sajiliwa Pwani zitatambuliwa wakati wote. Hati za 1908 zikavuka mto wa Uhuru bila kulowa. Ahadi kwa asiye na hati hatujaiona katika karatasi zile.

Katiba ya 2010 imefungua dirisha. Kifungu cha 67 chaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kale juu ya ardhi, na kifungu cha 65 chasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Aliyekuwa na milki ya milele imekuwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Basi twataka lijibiwe swali hili waziwazi: katika mashamba ya Pwani yaliyo na wenye hati wakaao ng'ambo wasio raia, ni mangapi yamebadilishwa katika daftari kama Katiba isemavyo? Na kodi wanazokusanya mawakala kwa majina yao hulipwa kwa haki gani?

Twataka pia ushahidi wa kinywa cha mzee, wa kaburi, wa kisima na wa mwembe uhesabiwe sawa na karatasi, kwa kuwa wazee wetu walikatazwa karatasi. Na twakataa ule mtindo wa Serikali kununua shamba kwa mwenye hati, kisha wakaaji watakiwe kuilipa Serikali, kama ilivyofanywa Likoni mwaka 2016. Shamba lile lina historia yake nyingine, lakini njia ni ile ile ya 1907: mwenye mali afidiwe, na aliye juu ya ardhi abaki na deni.

Kamati ya tawi imeamua kuanza kuandika daftari letu wenyewe, shamba kwa shamba, tangu Kisauni mpaka Malindi. Kila mwanachama aliye maskwota, au mwenye nyumba bila ardhi, alete stakabadhi zake za kodi ya kiwanja, hata zile zilizoliwa na mchwa, pamoja na majina ya wazee wake kadiri anavyoyajua, na la bwana aliyekuwa na shamba, likijulikana. Asiyetaka jina lake lisomwe mkutanoni amwambie katibu, halitasomwa. Ziletwe ofisini Jumamosi yoyote kabla ya saa sita, na akiwapo mzee ajuaye makaburi yalipo, aje naye. Nauli yake italipwa na tawi.